Je, nina wajibu kwa watu wanaodhulumiwa na serikali zao huko mbali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kwenye grupu letu la WhatsApp zinaletwa video za watu wanaoteswa na serikali zao, Warohingya, wale Waislamu walio wachache Myanmar, na wengineo. Nilipotoa wazo tuchange, mmoja akasema kila nchi ina wenyewe. Mwingine akasema kama si Waislamu hawatuhusu. Wa tatu akasema mtawala Mwislamu hasemwi hata akidhulumu, ni fitna. Mimi sina cheo wala elimu. Nina wajibu wowote?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Unao, kwa kadiri ya uwezo wako. Nianze na huyo wa pili, maana hoja yake ndiyo nyepesi kuliko zote.

Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail akazichukua, akagoma kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo pale wa kumtetea, akapanda mlima Abu Qubays na kupaza sauti, Makureshi wakimsikia. Wewe kisa hiki utakielewa kuliko mimi: umepeleka magunia ugenini, tajiri ameyashusha, sasa hapokei simu. Koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila anayedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume (s.a.w.) alikuwepo akiwa kijana. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile ndani ya Uislamu, angeitikia. Aliyedhulumiwa hakuwa Mwislamu, walioapa hawakuwa Waislamu. Anayedai tumuulize aliyepigwa dini yake kwanza, na atuletee dalili.

Ama mtawala Mwislamu, Bukhari amepokea kwa Anas: "Msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au amedhulumiwa." Masahaba wakauliza, tutamsaidiaje akiwa dhalimu? Akajibu kuwa ni kumzuia asidhulumu. Sisi watu wa Ziwa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Idi Amin alikuwa Mwislamu. Chini ya utawala wake waliuawa watu wa dini zote, akiwemo Askofu Mkuu Janani Luwum, Februari 1977. Gaddafi wa Libya akamletea askari, na mwaka 1979 ndege ya Libya ikatumwa kuipiga Mwanza hii hii, ambako kuna misikiti na Waislamu tele. Udugu gani huo? Amin alipoanguka, Waislamu wasio na hatia Uganda ndio waliolipiziwa kisasi. Angezuiwa mapema na ndugu zake wa imani, wangemfaa yeye na wangewafaa Waislamu hao.

Ni kweli wanazuoni wengi wa Ahlu Sunna wamekataza kumwasi mtawala kwa silaha, kwa kuhofia damu, nami nashika kauli hiyo. Lakini kuacha silaha ni jambo moja na kufumba mdomo ni jingine. Imam Ahmad bin Hanbal alifungwa na kuchapwa mijeledi zama za al-Mu'tasim, khalifa Mwislamu, ili aseme Qurani imeumbwa. Hakusema, na hakuchochea uasi. Na Mtume (s.a.w.) amelitaja neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi bora kabisa.

Na huyo wa "kila nchi ina wenyewe" mkumbushe Gambia. Ni nchi ndogo, haipakani na Myanmar kwa lolote, lakini Novemba 2019 ndiyo iliyoishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya Warohingya, ambao zaidi ya laki saba kati yao walikimbilia Bangladesh kuanzia Agosti 2017.

Wewe huna mahakama, lakini una dua, na usiidharau. Mtume (s.a.w.) katika kunuti, dua ya ndani ya swala, aliwaombea waliozuiliwa Makka kwa majina yao: al-Walid bin al-Walid, Salama bin Hisham, Ayyash bin Abi Rabia, kisha wanyonge wote katika waumini. Mwombe imamu wenu alete kunuti hiyo.

Video je? Hapa nina ukali kidogo. Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat inatutaka tuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Picha ya vita vya nchi moja kuzungushwa kama ya nchi nyingine ni uongo, na unawapa madhalimu kisingizio cha kukanusha hata yaliyo kweli. Namba ya simu ya mtu binafsi iliyobandikwa chini ya video, msiitumie hata shilingi mpaka mjue ni ya nani. Pitisheni mchango kwenye taasisi iliyosajiliwa inayotoa risiti.

Zaka mnaweza kumpa mkimbizi Mwislamu aliyefilisika, kwa kuwa anaingia katika mafakiri na masikini wa aya ya 60 ya At-Tawba. Asiye Mwislamu, wanazuoni walio wengi wamezuia zaka kwake, ila sadaka mpe bila wasiwasi, kwa dalili ya Al-Mumtahana aya ya 8. Na kama Bangladesh mnaiona mbali, kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma, iliyopokea wakimbizi Wakongomani na Warundi. Waulizeni wanaohudumu kule kinachopungua kabla hamjanunua chochote.

Wallahu a'lam.