Kujifunza pikipiki wakati wa masika

Pole na wasiwasi, dada. Umeuliza kama usogeze kozi ya pikipiki mpaka masika yaishe, kwa kuwa unaogopa kuteleza. Mimi nilijifunza mwezi wa Aprili, Dar, mvua ikinyesha. Nakushauri uende.

Dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya: vumbi na oili huelea juu ya lami, na mistari myeupe inateleza kama sabuni. Shika breki zote mbili, taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka. Ya mbele usiikamate ghafla kwenye kona. Vaa gambuti na glavu. Vidole vikipata baridi, klachi huisikii vizuri.

Radi ikianza, mwambie mwalimu msimame. Akitaka kukuingiza barabara kuu siku ya kwanza, kataa, tafuta mwingine.