Maswali ya Wasomaji: Wema wa kujilazimisha ni wema kweli?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Namuuguza shangazi yangu, ndo alonilea tangu mdogo, sasa ni mwaka wa pili yuko kitandani. Namwogesha, namlisha, usiku naamka kumgeuza asipate vidonda vya mgongoni. Lakini Mungu anajua upendo siuoni moyoni kabisa, nafanya kwa sababu najua ni wajibu wangu basi. Watu wakinisifu nasikia aibu, naona kama nawadanganya. Je wema wangu ni wa bandia?

JIBU: Dada yangu pole sana, na hapana, si wa bandia. Kuna mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, kwenye kitabu alichokitoa 1785 kuhusu misingi ya maadili ni kama alikuwa anaandika habari zako. Anasema tuchukue mtu mwenye huruma, alozoea kusaidia wenzake na akafurahia kusaidia, halafu shida zake mwenyewe zikamzidi mpaka ile huruma ikazimika yote, hamu hana tena, lakini anajikokota anaenda kusaidia kwa sababu tu anajua inampasa. Kant anasema hapo ndipo kitendo chake kinapata thamani ya kweli ya kimaadili, manake hakibebwi na kitu kingine chochote. Anamtaja pia mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo, ila kwa hesabu zake za biashara, asije akakosa wateja. Huyo ukimtazama kwa nje huna la kumlaumu, lakini kinachomsukuma ni faida. Sasa jiulize, hivi wewe ukiamka usiku wa manane kumgeuza shangazi unapiga hesabu gani? Kama ungekuwa unavizia urithi ningekujibu vingine, ila barua yako haina harufu hiyo kabisa.

Ila sitaki nikudanganye kwamba wote wanakubaliana na Kant. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema mwema hasa ni yule anayefurahia kutenda mema, na anayetenda mema huku anashindana na nafsi yake huyo anajizuia vizuri lakini bado hajafika. Ukiishia hapo utavunjika moyo, kwa hiyo usiishie hapo, manake ni huyo huyo Aristotle anayesema tabia njema inaingia mtu kwa kutenda, kama mpiga kinubi anavyokuwa fundi kwa kukipiga kinubi chenyewe. Mi naona kwenye hili Aristotle anatusaidia kuliko Kant, kwa sababu wewe hujauliza tu kama kitendo chako kina thamani, unauliza pia wewe unakuwa mtu wa namna gani.

Na kuna jambo moja la kuangalia. Mwaka 1976 mwanafalsafa Michael Stocker alitoa mfano wa mgonjwa hospitalini anayetembelewa na rafiki, anashukuru kwa moyo wote, kumbe rafiki anamjibu, tena anamaanisha, kwamba amekuja kwa sababu ni wajibu wake. Mgonjwa ananywea palepale. Shangazi yako naye anasikia mikono yako, anajua kama maji umeyapima kwanza au umemmwagia tu, anajua kama unaongea naye wakati unamgeuza au unamgeuza kama godoro. Hayo hayasubiri upendo urudi kwanza, unaweza kuyaanza usiku wa leo.

Halafu tafuta mtu akupokee hata siku moja kwa wiki, nakuomba sana. Huo ubaridi nahisi ni uchovu zaidi kuliko kukosa upendo. Hata Kant, mkali kama alivyokuwa, alihesabu wajibu wa mtu kwa nafsi yake mwenyewe.

SWALI: Nilimwahidi rafiki yangu kumsimamia shughuli yake, njiani nikakuta ajali nikampeleka majeruhi hospitali, sikufika. Kanuna, anasema ahadi ni deni. Nina kosa?

JIBU: Kosa huna ndugu, ila deni unalo. W. D. Ross, mwanafalsafa Mwingereza mzaliwa wa Scotland, aliliandika vizuri hili mwaka 1930, kwamba wajibu uko wa aina nyingi, kutimiza ahadi, kusaidia aliye hatarini, kushukuru na kadhalika, na zikigongana ule mzito siku hiyo ndo unaofuatwa, lakini ule mwepesi haufutiki, unakuachia kazi ya kumfidia mwenzio. Ndo maana bado roho inakusuta ingawa ulifanya sawa. Nenda kwake, na usianze na habari za ajali, anza kwa kumuuliza shughuli iliendaje bila wewe na nini kiliharibika, halafu umsikilize mpaka amalize.