Barua ya Kaunsili si Msahafu

Juzi dada mmoja tuliye naye huku England alinitumia picha ya barua. Kazungushia wino mwekundu mstari mmoja: kaunsili, yaani serikali ya mtaa inayoshughulikia wasio na makazi, imeona kwamba amekosa makazi kwa makusudi: eti kajitakia mwenyewe, hivyo hawawajibiki kumpa makazi ya kudumu. Chini yake kaandika, "Dada, ndiyo basi tena?"

Mstari huo naujua kama jina langu.

Mwaka 2022 nilikuwa nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, London. Zamu zikakatwa kutoka tano kwa wiki hadi mbili. Kodi haikushuka hata senti. Siku madalali wa mahakama walipokuja, tulitoka mimi, wanangu wawili, masanduku matatu na sufuria ya pilau aliyonipa mama Tanga. Miezi ya hosteli siisimulii.

Barua niliikuta chini ya mlango, katikati ya vipeperushi vya piza. Kurasa sita. Afisa alichambua taarifa zangu za benki, akakuta paundi 40 kila mwezi kwa mama, za dawa za presha. Akaandika kwamba hela hiyo ningelipia kodi. Mpaka leo nikituma nyumbani mkono unasita, kama vile naiba.

Nililia siku tatu. Siku ya nne mama mmoja wa Kisomali, jirani pale hosteli, hakunipa pole. Aliuliza tu: "Ina tarehe ngapi?"

Basi na mimi nawauliza nyinyi. Sheria ya Nyumba ya 1996 inakupa siku 21 tangu ujulishwe uamuzi kuomba upitiwe upya. Zikipita, unabaki kubembeleza. Ombi langu lilikuwa mistari mitatu ya barua pepe: uamuzi upitiwe, tubaki tulipo mkiupitia, nipewe nakala ya faili langu lote. Hilo la kubaki hawalazimiki kulikubali, kwa hiyo liombe waziwazi. Hoja zitafuata.

Faili likaja, na humo ndimo nilimowakamata. Hesabu yao ilitumia mshahara wa zamu tano! Hati za zamu mbili niliwapa kwa mkono wangu, na zilikuwa humohumo, zimebanwa kwa pini.

Mwanasheria wa msaada wa kisheria, sikumlipa kitu, akaongezea kesi ya Samuels dhidi ya Birmingham. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi mama wa watoto wanne aliyeambiwa angebana posho zake za serikali azibe pengo la kodi. Kaunsili wana wiki nane za kujibu. Jibu langu lilikuja wiki ya saba: uamuzi umefutwa. Neno samahani halikuwemo, nililitafuta.

Sasa niseme, na mtakaokasirika kasirikeni. Sisi Waswahili barazani ni wasemaji hodari, lakini mbele ya karatasi yenye nembo tunainamisha shingo: "Sawa, asante." Tunaogopa kuitwa wakorofi. Mkorofi ni nani, anayedai haki yake au aliyehesabu mshahara usiokuwepo? Acheni simu, andikeni. Wakikupa nyumba mbovu, usikatae kwa hasira: ikubali, ingia, kisha omba mapitio ukiwa ndani. Ukishindwa kwenye mapitio, una siku nyingine 21 za kwenda mahakama ya kaunti, ila huko wanasikiliza kosa la kisheria, si machozi. Na kama viza yako inakukataza kupokea fedha za umma, usianze na kaunsili. Anza na mwanasheria wa uhamiaji.

Nasisitiza tena siku 21, maana najua mtasoma haya na kuiweka barua juu ya friji.

Na wewe dada uliyeniandikia, picha yako imekata kona ya juu, tarehe haionekani. Nitumie nyingine leo.