Concorde juu ya Hounslow

SWALI: Shikamoo mzee. Nasikia uliishi London karibu na uwanja wa Heathrow enzi za Concorde, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Ni kweli ilikuwa ikipasua anga juu ya nyumba zenu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ule mshindo wa kuvuka kasi ya sauti sisi wa Hounslow hatukuusikia. Ilibidi ndege isubiri mpaka ifike baharini. Tulichosikia ni ngurumo ya injini 4 wakati wa kuruka, kwa sababu mafuta ya ziada yalimwagwa na kuwashwa nyuma ya injini ili kuongeza nguvu. Vikombe vililia kabatini. Ukiwa kwenye simu unasema, “Ngoja kwanza ipite!”

Lakini kuitazama, wallahi, sikuchoka. Nyeupe, mabawa ya pembetatu, na ikija kutua inainamisha pua ile ndefu ili rubani aone njia. Ilibeba abiria wapatao 100 tu, New York kwa saa 3 na nusu hivi.

Tarehe 24 Oktoba 2003, siku ya mwisho ya Concorde kubeba abiria wa kawaida, tulijazana kandokando ya uwanja, zikatua 3, moja baada ya nyingine. Jirani yangu, aliyezoea kulalamikia kelele zile, alilia waziwazi. Mimi mpaka leo naona wangeacha japo moja iendelee kuruka.