Maswali ya Wasomaji: Programu zinanitoa jasho, na testi inakuja

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza, BSc kemia, Advance nilisoma PCB na kompyuta nimeanza kuishika hapa hapa chuo. Semista hii tuna kozi ya programu, tunatumia lugha ya Python. Mwalimu akiandika ubaoni naelewa kabisa, nikirudi rumu nikakaa peke yangu siwezi hata mstari wa kwanza, asaimenti nadesa kwa mwenzangu nabadilisha majina tu. Kompyuta sina, bumu limeisha, na testi ni ya kuandika kwenye karatasi. Naogopa sapu. Hivi mtu wa kemia programu za nini jamani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la kuelewa darasani halafu unakwama rumu linawapata wengi sana, maana kusoma programu ya mtu na kuandika yako ni kazi mbili tofauti na wewe mpaka sasa umefanya moja tu, hiyo ya pili kila wiki unamwachia mwenzio. Acha leo. Bora upeleke mistari yako mitano inayogoma.

Kinachowachanganya sana watu wa sayansi ni alama ya =. Tangu shule ya msingi umezoea kwamba kushoto na kulia ni sawa, sasa unaona x = x + 1 unasema haiwezekani, na kihesabu kweli haiwezekani. Kwenye Python hiyo ni amri: kokotoa cha kulia kwanza, jibu liweke kwenye jina la kushoto, thamani ya zamani imefutika. Ukitaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa unaandika ==.

Sasa chukua karatasi uandike hii:

jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
print(jumla)

Chora safu mbili, i na jumla, ujaze kila lupu, yaani ule mstari wa ndani unaojirudia, inapozunguka. Wengi wanasema 15 kumbe ni 10, kwa sababu range(1, 5) inaishia 4. Halafu sogeza print ilingane na mstari wa juu yake, utapata 1, 3, 6, 10, maana nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazoiambia Python nini kiko ndani ya lupu. Fanya hivi kila siku na mifano ya mwalimu, testi ya karatasi inataka hasa mkono uliozoea hii kazi.

Jingine, input, amri inayopokea anachoandika mtu. Unaandika joto = input() mtu anaweka 25, unajumlisha 273.15 upate Kelvin, inakuja TypeError, yaani kosa la kuchanganya aina za data. Usiogope yale maandishi mekundu, anza kusoma mstari wa mwisho kabisa, ndio unaotaja kosa, kisha panda juu uone namba ya mstari. Hapa 25 imeingia kama maandishi, andika float(input()) igeuke namba yenye desimali. Na bora hata hiyo imelalamika, ungezidisha kwa 2 maandishi yangerudiwa tu, ungepewa 2525 bila onyo lolote, na mimi makosa ya aina hiyo ndiyo nayaogopa zaidi.

Kompyuta isikuzuie. Kama simu yako ni ya Android, kuna app ya Pydroid 3, ukishaipakua inaendesha programu hata bila bando. Ukipata nafasi maabara ya kompyuta omba Thonny, programu ya kuandikia Python, ni ya bure, ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza, inakupitisha hatua kwa hatua huku unaona thamani zinavyobadilika.

Kuhusu kemia, subiri ukutane na spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaonyonywa na sampuli, inayokutemea mamia ya namba za absobansi (kiasi cha mwanga ulionyonywa) uzichoree grafu, halafu sampuli zako ni 30. Kwa mkono ni wiki nzima, kwa lupu unaandika mara moja.

Ukikwama tena tutumie programu yenyewe pamoja na ule mstari wa mwisho wa kosa, tutaiangalia toleo lijalo.