Usishinde Chumbani: Kijiji cha Uingereza Kina Habari Zako Pia

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Ana miezi kadhaa Uingereza, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee iliyoko kijijini, na siku zake za ofu anazimalizia kitandani na simu mkononi. Akaniuliza: "Da'angu, nakuona unapiga picha kwenye mashamba ya watu na makanisa ya zamani. Hivi hawakufukuzi? Na unaona nini huko zaidi ya kondoo?"

Namjibu hapa mbele za watu kwa sababu najua wako wengi kama yeye. Wote tuliokuja huku tulikuja na shabaha moja: kupata chochote, kusomesha wadogo zetu, kupandisha nyumba kule nyumbani. Hakuna aliyepanda ndege ili akaangalie kondoo. Lakini mdogo wangu, maisha si kazi na kulala tu, na kijiji unachokiona kimepoa kinaweza kuwa kimebeba habari za kwenu.

Mimi kazi ilinileta Somerset, kusini-magharibi ya Uingereza. Miezi ya mwanzo sina cha kusimulia: zamu, usingizi, mvua, zamu. Kilichonitoa ndani ni maneno ya mzee mmoja niliyekuwa namhudumia. Aliniuliza natoka Afrika sehemu gani. Nikamwambia Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Akanikazia macho, kisha akasema, "Basi mtu wenu kazikwa hapa jirani."

Mtu mwenyewe ni John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania, Kenya au Uganda anamfahamu; ni jina la kukariri kwa ajili ya mtihani. Kaburi lake liko Dowlish Wake, kijiji kidogo umbali wa kama kilomita 3 kutoka mji wa Ilminster. Nilikuwa nimepita na basi pale Ilminster kila mara bila kujua.

Nilikwenda kwa miguu. Ilminster kwenyewe kuna kanisa kubwa la kale walimozikwa Nicholas na Dorothy Wadham, wale ambao mali yao ilianzisha chuo cha Wadham kule Oxford mwaka 1610. Sikukaa sana. Nilishika njia ya kusini, kati ya ua wa miti na mashamba, mpaka nyumba za kijiji zikatokea. Zimejengwa kwa jiwe la rangi ya asali linalochimbwa Ham Hill, na jua likilipiga unaweza kudhani ukuta umewashiwa taa kwa ndani. Nyingine bado zimeezekwa kwa nyasi, tena kwa ustadi ambao fundi wa kwetu angesimama kuukagua. Kuna kijito, na juu yake daraja jembamba la mawe lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo. Pembeni yake magari yanapita ndani ya maji. Kuna na kinu cha kukamulia tufaha cha Perry's kwenye banda la zamani lililoezekwa kwa nyasi. Kanisa la Mtakatifu Andrea liko juu kidogo, limezungukwa na makaburi.

Mlango haukuwa umefungwa. Nilisukuma, ukafunguka kwa mlio mzito, na ndani hapakuwa na mtu. Harufu ya mawe mabichi na nta. Upande wa kaskazini kuna sehemu ya familia, kuna makaburi ya kale yenye sanamu za mawe za watu waliolala wamefumba mikono, kisha ukigeuka unamkuta Speke mwenyewe: sanamu ya kichwa na mabega, ndevu zimechongwa unywele mmoja mmoja. Nilisimama pale mtoto wa Mwanza, peke yangu, na miguu ikakataa kusogea.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1858 Speke na mwenzake Richard Burton walikuwa Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Burton alikuwa mgonjwa. Wafanyabiashara Waarabu wa pale, akiwamo Sheikh Snay bin Amir, waliwaambia wazi kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika. Yaani habari ilikuwepo, njia ilikuwepo, na watu wa kuionyesha walikuwepo. Speke akaondoka na msafara, na tarehe 3 Agosti akapanda kilima karibu na Isamilo, Mwanza, na kuyaona maji ya Ziwa Viktoria. Aliandika kwamba kilima hakikuwa na jina kwa wenyeji, kwa hiyo yeye angekiita Somerset. Na mkono wa ziwa aliopita kabla ya hapo akauita Jordans, jina la nyumba ya kwao, ambayo ilikuwa hapa karibu na Ilminster na sasa imekwisha kubomolewa.

Sasa fikiria. Nimekulia Mwanza. Isamilo nimepita na ndoo ya maji, nimepita na sare ya shule. Bibi yangu aliuza dagaa Mwaloni Kirumba mpaka mgongo ulipomkatalia. Halafu nakuja kufanya kazi Somerset, ya Somerset yenyewe, na hakuna mwalimu, ofisa wala mtu wa kanisani aliyewahi kuniambia kwamba sehemu hizi mbili zilishawahi kuitwa jina moja. Hilo nililipata kwa kutoka nje ya chumba.

Speke alirudi tena Afrika na James Grant, akafika Jinja mwezi Julai 1862, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Burton hakukubali kwamba Nile inaanzia hapo. Mdahalo wao ulipangwa ufanyike mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikuwa akiwinda ndege Wiltshire, akapanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe ikamlipukia kifuani. Alikuwa na miaka 37. Mpelelezi mwingine, Stanley, ndiye aliyelizunguka ziwa lote mwaka 1875 na kuonyesha kuwa kuhusu Nile Speke alikuwa sahihi. Malkia Viktoria aliiruhusu familia iongeze mamba na kiboko kwenye nembo yao. Kule London, Kensington Gardens, ana mnara wa mawe mekundu.

Na Bombay, mkalimani wake, je?

Hapa ndipo ninapoumia, na sitaficha. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alikamatwa utotoni akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Speke hakujua Kiswahili cha kutosha. Waliongea Kihindustani, na kila kilichosemwa kati yake na wenyeji kilipitia kinywani mwa Bombay. Alikuwa naye 1858, akawa naye tena safari ya Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, akatembea na mpelelezi Cameron mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa medali ya fedha na baadaye pensheni. Alifariki 1885. Mtu huyu amekanyaga Afrika kwa miguu yake kuliko wote hao waliowekewa minara.

Wakati mmoja nilikwenda kwenye mhadhara wa historia katika mji mmoja wa huku, mada ikiwa Speke. Msemaji alizungumza saa nzima. Nilinyoosha mkono nikauliza kuhusu Bombay. Akatabasamu, akasema atafika huko. Hakufika. Watu walikunywa chai wakaondoka. Nilitoka nimenyamaza, na mpaka leo nikikumbuka lile tabasamu kifua kinabana. Lakini ndugu zangu, ningesusa ningekuwa nimemwachia yule bwana historia yote aisimulie anavyotaka. Badala yake nilisoma zaidi. Na sikukuu ya benki ya Agosti iliyopita, yaani Jumatatu ya mapumziko ya kitaifa, nilipeleka familia kadhaa za Watanzania na Wakenya Dowlish Wake. Nikasimama mbele ya ile sanamu nikawasimulia watoto habari za Bombay kwa Kiswahili, mle mle ndani. Mama mmoja Mwingereza aliyekuja kubadilisha maua alisikiliza hadi mwisho, akaomba nimweleze kwa Kiingereza. Nilijivunia siku ile kuliko siku niliyopata cheti changu cha kazi.

Sasa nikujibu, mdogo wangu. Hawakufukuzi, kwa sababu hawana haki ya kukufukuza. England na Wales zina njia za umma za miguu na farasi zenye urefu wa karibu kilomita 225,000, na nyingi zinakatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi. Ni haki ya kisheria ya kila mtu, awe raia, awe na viza ya kazi. Shamba ni la mkulima lakini njia ni ya umma. Akilima juu ya njia inayokatiza shamba, kwa kawaida ana siku 14 tu kuirudisha, na baada ya hapo lazima ionekane na kupitika, upana usiopungua mita 1. Haki hizi watu wao wenyewe walizipigania: mwaka 1932 vijana wa viwandani walivamia mlima Kinder Scout kudai nafasi ya kutembea, na baadhi walifungwa jela. Sheria ya njia na hifadhi ikaja 1949. Kwa hiyo usitembee umeinama. Tembea kama mtu mwenye haki, maana unayo.

Utaijuaje njia? Tafuta kibao au kimshale kwenye nguzo na malango. Cha njano ni cha waendao kwa miguu tu. Cha buluu, farasi na baiskeli wanaruhusiwa pia. Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, ile yenye jalada la rangi ya machungwa. Sentimita 4 ni kilomita 1, na njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Simu itakufia chaji katikati ya malisho, karatasi haifi. Ukifungua lango lifunge, ila ukilikuta limeachwa wazi kwa makusudi liache hivyo hivyo. Ng'ombe wenye ndama usiwakaribie. Wazungukie mbali, hata kama umetoka Usukumani na umekua na ng'ombe. Buti za mpira ni lazima kuanzia Oktoba.

Kanisa la kijiji ingia, uwe Mkristo au Muislamu. Jaribu kitasa kabla ya kukata tamaa; makanisa mengi huachwa wazi mchana. Soma kuta. Mle ndani ndimo kijiji kilimoweka kumbukumbu zake, na ukiona kibao kinachotaja Zanzibar, Bombay, India au vita vya Afrika Mashariki, simama, piga picha, nenda kausome usiku. Acha sarafu kwenye kisanduku cha michango, mapaa yale yanagharimu. Na wazee unaowahudumia waulize. Wao ndio maktaba, na kila mmoja anatamani mtu amuulize chochote kisichohusu dawa.

Na jitahidi kutoka. Narudia, toka. Ukikaa chumbani utarudi nyumbani na pesa kidogo na usijue hata uliishi wapi. Watoto wetu wanazaliwa huku, wataambiwa historia na wengine kama sisi tumekaa kimya.

Safari yetu inayofuata ni Barrington Court, upande wa pili wa Ilminster, jumba kubwa la kwanza kununuliwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na ardhi za kale, mwaka 1907. Ndani kuna kiingilio, hivyo anayetaka kuja aniandikie mapema tupange magari, maana mabasi ya vijijini Jumapili ni ya kubahatisha. Chakula kila mtu abebe chake. Watoto wawe na soksi za akiba.