Wasomaji Wauliza: Nani Hasa Alikuwa na Mguu Mbovu Kwenye Gunsmoke?

SWALI: Dada shikamoo. Mie nipo Mikindani, nina kaduka kangu nawawekea watu muvi kwenye flashi. Kuna mzee mmoja akishauza korosho zake tu huyo, anataka za kauboi, na anayoipenda kupita zote ni Gunsmoke, ile tamthilia ya TV ya zamani ya Kimarekani. Juzi tumebishana mpaka watu wakajaa dukani, mie nasema steringi, yule askari mrefu Matt Dillon, ana mguu mbovu, niliwahi kusikia, mzee anasema wee mtoto huna macho, anayechechemea si Chester msaidizi wake? Nani mkweli? Halafu mbona episodi zingine fupi zingine ndefu, mzee anadhani nazikata.
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote mko sawa, ila mzee anaongelea kuigiza na wewe unaongelea mwili wa mtu.

Chester anachechemea kwenye stori tu. Aliyemuigiza, Dennis Weaver, miguu yake ilikuwa mizima kabisa, ule mguu alikuwa anaukaza makusudi, na aliufanya vizuri hadi 1959 akapata Emmy, tuzo ya TV ya huko Marekani.

Sasa steringi mwenyewe, James Arness. Kazaliwa Minneapolis 1923, urefu futi 6 na inchi 7, yaani mita 2 na kitu. Alitaka kurusha ndege za kivita wakamkatalia kwa huo urefu, basi akaenda jeshi la nchi kavu, na Januari 1944 wakateremshwa pwani ya Anzio kule Italia, na kwa vile yeye ndo mrefu kuliko wenzie akaambiwa aruke wa kwanza ili wajue maji yana kina gani. Nyie watu wa Mikindani mnajua kushuka chomboni maji bado marefu, sasa fikiria unashuka hivyo kwenye vita. Hapo alipona, lakini baadae kidogo risasi za bunduki ya rashasha zikamvunja mguu wa kulia. Kalala hospitali muda mrefu sana, 1945 jeshi likamruhusu, na huo mguu ukamsumbua mpaka uzeeni, kupanda farasi tu kulikuwa kunamuamshia maumivu. Na mtu huyo kacheza kauboi miaka 20! Mie nilipolijua hili nilirudi kuziangalia upya, kila akipanda farasi roho inaniuma.

Kabla ya Gunsmoke alitangaza redio kwao Minneapolis, kisha Hollywood, 1951 akawa lile dubwana la kwenye muvi ya The Thing from Another World. Halafu John Wayne, steringi mkubwa wa muvi za kauboi, ndo akampigia debe apewe Gunsmoke, na ile episodi ya kwanza kabisa ya Gunsmoke, Septemba 1955, anayetokea mwanzo kuwatambulisha kwa watazamaji ni Wayne mwenyewe. Ikaenda mpaka 1975, episodi 635. Emmy yeye hakuwahi kupata, na mie naona hakutendewa haki, maana kusimama pale umetulia watu wakakuamini ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

La ufupi, mwambie mzee hujamkatia kitu. Mpaka 1961 episodi moja ilikuwa ya nusu saa na matangazo yake humo humo, baada ya hapo zikawa za saa nzima, na rangi imeanza 1966, za nyuma zote ni nyeusi na nyeupe. Ukimpangia kwenye flashi fuata sizoni, usichanganye.

Kama mzee anaipenda Mission: Impossible ya zamani, yule bosi wao mwenye nywele nyeupe, Peter Graves, ni mdogo wake Arness, baba mmoja mama mmoja. Graves kafariki 2010, Arness Juni 2011 akiwa na miaka 88.

Na zipo muvi tano za Gunsmoke walizotoa kati ya 1987 na 1994, Matt Dillon kashazeeka humo. Mtafutie, nadhani hajaziona.